Umekubaliwa Grinnell na Macalester: Namna ya Kuchagua Kabla ya Mei Mosi

Kuanzia katikati ya Machi barua za vyuo vya Marekani huanza kuingia kwenye barua pepe, na kila mwaka wapo wanafunzi wetu wachache wanaojikuta na tatizo tamu: vyuo viwili vidogo vya sanaa huria (liberal arts, yaani vya shahada ya kwanza yenye masomo mapana) vimewakubali, vyote vimetoa msaada wa fedha, na vyote vinataka jibu kufikia Mei 1. Huku kwetu siku hiyo ni sikukuu ya wafanyakazi. Kule ndiyo siku ya mwisho ya kukubali nafasi. Saa sita kasoro dakika moja usiku wa Iowa au Minnesota ni karibu saa mbili asubuhi ya Mei 2 Nairobi na Dar es Salaam, lakini usiifikishe huko. Intaneti ikikatika asubuhi hiyo hutakuwa na wa kumlalamikia.

Nitatumia vyuo viwili halisi, Grinnell cha Iowa na Macalester cha Minnesota, kwa sababu vinafanana kiasi cha kumchanganya mtu. Vyote vina fedha, vyote huchukua wanafunzi wengi wa nje, vyote bei yake kamili imepita dola 80,000 kwa mwaka, na ukisoma vipeperushi vyao huwezi kujua kipi ni kipi. Kama barua zako ni za vyuo vingine, badilisha majina tu, hatua ni zilezile.

Jambo moja kwanza. Kuuliza chuo kipi ni bora hakutakufikisha popote, kwa kuwa kwa vyuo vya daraja hili tofauti ya ubora ni ndogo kuliko tofauti ya mazingira. Jiulize utakuwa unaishije Jumanne moja ya Februari mwaka wa pili, theluji imejaa, bili ya muhula imetoka, na una mtihani Alhamisi.

Hatua ya 1: Elewaneni nyumbani

Kabla ya kulinganisha chochote, wazazi waelewe hivi ni vyuo vya namna gani, la sivyo swali la Mzee, "mbona sijawahi kukisikia?", litarudi kila jioni. Grinnell kilianzishwa mwaka 1846 na kina wanafunzi wapatao 1,700. Macalester ni cha mwaka 1874 na kina wanafunzi 2,000 hivi. Zipo shule za sekondari za kwetu zenye ukubwa karibu kama huo. Hakuna wanafunzi wa uzamili, kwa hiyo anayekufundisha na kukusahihishia kazi ni profesa mwenyewe, na maabara ni yako, hujapangwa nyuma ya mtu wa PhD.

Kama Mzee anahitaji majina makubwa, yapo. Kofi Annan alimaliza Macalester mwaka 1961. Robert Noyce, mmoja wa waanzilishi wa Intel, alimaliza Grinnell mwaka 1949. Na kwa mifano ya karibu zaidi, Wangari Maathai alipopelekwa Marekani mwaka 1960, alisoma biolojia katika Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wasichana huko Atchison, Kansas, akamaliza mwaka 1964. Ni watu wangapi Nyeri walikuwa wamesikia habari za Atchison?

Kisha semeni na yasiyokuwepo. Hakuna shahada ya kwanza ya sheria, udaktari, ufamasia wala uhandisi. Vyuo hivi viwili hutoa Bachelor of Arts peke yake, hata kwa aliyesoma kemia au fizikia, na siku utakayopeleka cheti TCU (tume ya vyuo vikuu ya Tanzania) au kwa mwajiri wa nyumbani, kuna atakayekunja uso. Hilo linatatulika ukiwa na nakala ya matokeo inayoonyesha kozi zote za maabara, lakini ni heri mlijue sasa.

Udaktari ndio mtego mkubwa. Marekani mtu husomea udaktari baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi vya tiba kule havichukui wanafunzi wa kigeni, au huchukua wachache sana wenye fedha zao. Kama moyo wako wote uko kwenye koti jeupe, Muhimbili ni miaka mitano ukitoka kidato cha sita. Fikirini hilo kwa utulivu kabla ya kuchagua kati ya Iowa na Minnesota.

Kuna pia mpango wa uhandisi wa miaka mitatu na miwili, ambapo unaanzia chuo kidogo na kumalizia chuo kikubwa. Unavutia kwenye karatasi. Uliza kwa maandishi kama msaada wako wa fedha unakufuata kwenye chuo cha pili. Mara nyingi haukufuati.

Hatua ya 2: Zifumue barua za fedha

Hapa tumia siku tatu nzima ikibidi, maana barua za msaada haziandikwi kwa mtindo mmoja, na ile inayoonekana nafuu inaweza kuwa ndiyo ghali. Chukua karatasi, zipange barua ubavu kwa ubavu, uandike upya kila mstari kwa mpangilio wako mwenyewe. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, siyo za chuo chochote.

Barua A inasema: masomo dola 68,000, ada nyingine za lazima 1,000, malazi na chakula 17,000. Jumla 86,000. Msaada wa chuo 76,000, kazi ya chuoni 3,000, mchango wa familia 7,000.

Barua B inasema: masomo 66,500, ada za lazima 500, malazi na chakula 15,500, bima ya afya 2,500. Jumla 85,000. Msaada wa chuo 75,000, kazi ya chuoni 2,500, mchango wa familia 7,500.

Familia nyingi huangalia mstari wa mwisho na kusema A ni nafuu kwa dola 500. Sasa fumua.

Kazi ya chuoni siyo punguzo. Ni ruhusa ya kufanya kazi, na fedha unazipata kidogokidogo kila ukilipwa, ilhali bili inadaiwa mwanzoni mwa muhula. Irudishe upande wa deni: A inakuwa 10,000, B inakuwa 10,000. Bima ya afya haimo kwenye A lakini itadaiwa vilevile. Kama ni 2,500 pia, A imefika 12,500 na B imebaki 10,000.

Halafu kodi. Hili wengi hulijua wakiwa wameshafika. Kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, msaada unaozidi masomo na ada za lazima, yaani ule unaolipia kitanda na chakula, huhesabiwa kuwa kipato, na chuo hukata asilimia 14 kwa niaba ya serikali. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuondolea hilo. Kwa A, msaada unaozidi ni 7,000, kodi yake 980. Kwa B ni 8,000, kodi 1,120. Sehemu yake yaweza kurudi ukijaza fomu ya kodi ya 1040-NR mwaka unaofuata, na vitabu vya lazima hupunguza kiasi kinachokatwa, lakini kwanza ulipe. Vyuo vingine huibeba kodi hiyo wenyewe, vingine hukuandikia kwenye bili yako. Uliza.

Jumla mpya: A dola 13,480, B dola 11,120. Barua iliyoonekana nafuu kwa 500 sasa ni ghali kwa 2,360 kwa mwaka, zaidi ya 9,000 kwa miaka minne.

Swali linalofuata ndilo zito kuliko yote, na nisingekubali nafasi yoyote bila jibu lake la maandishi: ada ikipanda, msaada wangu utapanda nayo? Chukua A yenye gharama ya 86,000 ikipanda asilimia 4 kila mwaka. Kama msaada umesimama pale pale, mwaka wa pili familia inaongeza 3,440, wa tatu zaidi ya 7,000, wa nne zaidi ya 10,700. Hizo ni dola 21,000 ambazo hazikuandikwa popote kwenye barua. Vyuo vinavyoahidi kuziba pengo lote la mahitaji ya mwanafunzi kwa miaka yote minne viko tofauti na vyuo vilivyokupa kiasi maalumu kikasimama hapo. Soma sentensi ile kwa makini, na uulize pia kama msaada una sharti la wastani wa alama.

Kuhusu kazi yenyewe: F-1 inakuruhusu saa zisizozidi 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo, lakini wengi hupata saa nane mpaka kumi. Kima cha chini cha mshahara Iowa bado ni dola 7.25 kwa saa, St. Paul kimevuka 15 kwa waajiri wakubwa. Vyuo hulipa juu ya kima mara nyingi, kwa hiyo uliza mhudumu wa maktaba mwaka wa kwanza analipwa ngapi hasa.

Ukimaliza hesabu na kukuta chuo unachokipenda ndicho ghali, andika. Kuomba kupitiwa upya siyo utovu wa adabu kule, ofisi ya msaada wa fedha hupokea maombi hayo kila Aprili. Barua iwe fupi: shukrani, jambo lililobadilika au ambalo CSS Profile, ile fomu ya kuombea msaada wa fedha, haikulionyesha (mzazi amestaafu, shilingi imeshuka, mdogo wako ameanza chuo), vielelezo, na nakala ya barua ya chuo cha pili. Taja kiasi unachohitaji. "Chochote mtakachoweza" haimsaidii anayejaza fomu. Kwa wanafunzi wa kigeni fungu huwa limebana, na jibu laweza kuwa hapana. Hata hivyo kuuliza hakuondoi nafasi yako.

Chuo kikidai malipo ya kushika nafasi, uliza kama kinaweza kukusamehe. Hili hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 3: Pima masomo kwa ratiba

Katalogi ni orodha ya kozi ambazo chuo *kinaweza* kufundisha. Ratiba ya muhula ndiyo inayosema nini kinafundishwa. Fungua ratiba za mihula minne iliyopita za idara unayoitaka, kwa kawaida ziko wazi mtandaoni, uone kozi za juu zinatolewa mara ngapi. Katika idara yenye maprofesa watano, mmoja akienda likizo ya utafiti, kozi unayoisubiri yaweza kupotea mwaka mzima. Tazama pia kozi za sayansi ya kompyuta zilizojaa na zenye foleni, kwani vyuo vidogo vingi vinabanwa hapo.

Hapa Grinnell na Macalester vinaachana waziwazi. Grinnell kina mtaala huria: kozi ya lazima kwa wote ni moja, semina ya mwaka wa kwanza iitwayo Tutorial, na profesa wake ndiye mshauri wako mpaka utangaze fani. Mengine yote unapanga naye. Macalester huweka masharti mapana zaidi, kwamba uguse sayansi, sayansi ya jamii, sanaa, uandishi na lugha ya pili. Kuhusu lugha, uliza kama Kiswahili chako kinahesabika. Swali hilo laweza kukuokolea kozi kadhaa.

Kipi kinakufaa? Kwa maoni yangu, aliyetoka kwenye PCM au PCB (michepuo ya sayansi ya kidato cha tano na sita), aliyekaririshwa miaka miwili bila kuchagua chochote, huwa anadhani mtaala huria ni paradiso, kisha anajaza hesabu na kompyuta mpaka mwaka wa nne bila kuandika insha moja ya maana. Kama unajijua hivyo, masharti ya Macalester ni msaada. Kama tayari una udadisi unaokupeleka huku na kule, utaufurahia uhuru wa Grinnell. Na kama una principal pass za kidato cha sita, uliza kila chuo kinakupa kredito ngapi, kwani vinatofautiana.

Mwanauchumi mtarajiwa, shika hili. Baada ya kuhitimu, F-1 inakuruhusu kufanya kazi miezi 12 kwa mpango wa OPT, yaani kazi ya mafunzo kwenye fani yako. Fani zilizosajiliwa kama STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) huongezewa 24. Uchumi unaweza kusajiliwa kwa namna mbili, na msimbo wa STEM ni 45.0603. Uliza idara ya uchumi ya kila chuo inatumia msimbo upi. Mwandikie ofisa wa wanafunzi wa kimataifa, kwa sababu kijana anayekutembeza chuoni kwa video hatajua.

Hatua ya 4: Mahali, baridi, na vile vitanda vya Desemba

Grinnell ni mji wa watu wasiofika 10,000, katikati ya mashamba ya mahindi na soya, kando ya barabara kuu ya I-80. Kwenda uwanja wa ndege wa Des Moines ni saa moja kwa gari, na gari huna. Macalester kiko ndani ya jiji la St. Paul. Basi la A Line linapita Snelling na Grand pembeni ya chuo, linakufikisha kituo cha 46th Street, unapanda treni ya Blue Line mpaka uwanja wa ndege. Kwa anayetaka kufanya kazi ya mafunzo kwenye kampuni huku anasoma, eneo la Minneapolis na St. Paul lina makao makuu ya Target, General Mills na U.S. Bank. Utahitaji kibali cha chuo kabla ya kuanza, hata kama hulipwi.

Chakula na watu: Minneapolis ina jumuiya kubwa ya Wasomali na Wakenya wengi, na pale Karmel Mall utapata sambusa na chai ya maziwa bila kueleza wewe ni nani. Iowa nayo isidharauliwe. Wakongo wengi wamehamia Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City, na Kiswahili chao kitakukuta kwenye duka la unga na sombe. Ila unahitaji mtu wa kukupeleka. Kwa Mwislamu, uliza chama cha wanafunzi Waislamu mambo matatu: nyama ya halali ipo kila siku au siku maalumu, daku la Ramadhani linapatikanaje wakati bwalo limefungwa, na Ijumaa wanasali wapi.

Kuhusu baridi hakuna cha kuchagua. Nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri usiku wa Januari ni kawaida pande zote mbili. Annan mwenyewe alisimulia jinsi alivyovikataa viziba masikio kwa kuona havipendezi, mpaka masikio yalipokaribia kuganda.

Kinachotofautiana ni likizo. Chukua kalenda ya kila chuo, zungushia mapumziko ya Oktoba, Thanksgiving, Krismasi mpaka mwishoni mwa Januari, Machi, na miezi mitatu ya kiangazi. Tiketi ya kurudi nyumbani huweza kufika dola 1,500 au 2,000, kwa hiyo hutarudi kila mara. Kwa kila mapumziko uliza: bweni langu linabaki wazi? Kuna malipo? Bwalo linapika? Chuo kinachosema "bweni liko wazi" huku bwalo limefungwa wiki tano, kimekuachia kununua chakula cha wiki tano kwa fedha ambazo hukuzipangia bajeti.

Hatua ya 5: Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya ugeni, na anayeongoza ziara analipwa kusifia. Omba ofisi ya kimataifa ikuunganishe na mtu wa Afrika Mashariki wa mwaka wa tatu au wa nne, au mtafute mwenyewe kupitia shule yako ya zamani. Msalimie vizuri, mwambie una dakika ishirini, kisha muulize mambo yaliyotokea. Desemba iliyopita ulikuwa wapi na nani alilipia chakula? Bili gani ilikushtua? Ulipougua, nani alikupeleka hospitali? Wenzako uliokuja nao, yupo aliyehama, na kwa nini?

Akinyamaza kidogo kwenye swali la mwisho, mwache amalize.

Tafuta pia waraka wa takwimu uitwao Common Data Set wa kila chuo. Sehemu B22 inaonyesha wangapi walirudi mwaka wa pili, H6 inaonyesha wanafunzi wa kigeni wangapi walipata msaada na wastani wake, I-3 ukubwa wa madarasa. Nusu saa inatosha.

Kwa Grinnell na Macalester afya ya chuo haininyimi usingizi. Lakini kama barua yako moja ni ya chuo kidogo kisicho na akiba kubwa, chunguza, maana vyuo hufungwa kweli: Iowa Wesleyan kilifunga 2023, Wells cha New York na Birmingham-Southern cha Alabama vikafunga 2024. Idadi ya wanafunzi inayoshuka kila mwaka na fani zinazofutwa ni dalili.

Hatua ya 6: Viza kabla ya moyo

Mwaka 2025 Marekani iliweka vizuizi vya viza kwa raia wa nchi kadhaa. Burundi iliingia Juni, viza za wanafunzi zikiwamo, na orodha ilipanuliwa baadaye. Angalia hali ya pasipoti yako wiki hiyohiyo unayoamua, kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe. Kisha viulize vyuo vyote viwili: nikinyimwa au nikicheleweshewa viza, naweza kuahirisha mpaka Januari au mwaka ujao, na msaada wangu wa fedha utanisubiri bila kupungua? Jibu la swali hili pekee linaweza kumaliza ubishi wote. Chuo kinachosema "nafasi itakusubiri" bila kutaja fedha hakijakujibu.

Hatua ya 7: Amua, kisha funga

Kaeni na wazazi na ukurasa mmoja tu: gharama halisi ya miaka minne ya kila chuo, kozi sita za juu unazozitaka, mpango wa kila likizo, na jibu la kuahirisha. Kanuni ninayoifuata mimi: tofauti ikizidi dola 2,000 kwa mwaka na nyumbani hakuna anayeweza kuibeba bila kukopa, fedha ndiyo iamue. Ikiwa chini ya hapo, idara iamue. Idara zikifanana, anayehitaji jiji aende St. Paul, na anayesoma vizuri kwenye ukimya aende Iowa. Nafasi za vyuo kwenye majedwali ya ubora zisiingie kwenye ukurasa huo kabisa.

Kubali chuo kimoja, usishike nafasi mbili kwa kujihami. Vikigundua, vyote viwili vinaweza kukufuta. Kikatae cha pili kwa barua pepe ya mistari mitatu siku hiyohiyo, kwani kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri anayeihitaji nafasi hiyo.

Baada ya hapo omba chuo kikutumie I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti na kiasi cha msaada ni kilekile cha barua. Lipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350 kwa namba iliyo kwenye I-20 ya chuo ulichokichagua, jaza DS-160, fomu ya maombi ya viza mtandaoni, lipa dola 185 ya maombi hayo, kisha tafuta tarehe ya mahojiano mara moja, maana Juni na Julai foleni hurefuka. Mwanafunzi wa kidato cha sita atakuwa kwenye mitihani Mei yote, kwa hiyo mzazi ashike kazi ya kufuatilia tarehe, na shule iambiwe mapema kwamba matokeo ya Julai yatatakiwa kutumwa chuoni yakiwa na muhuri.